Fundi Kichwachini, Aliyelipwa kwa Maelezo

“Kitanda kina mbao, mama. Kina misumari, kina vanishi, na mtu anakilalia mpaka anazeeka nacho. Hiki nacho kina nini?”

Ndivyo marehemu alivyokuwa akigomba katika duka la vitabu lililo mkabala na lango la chuo, tarehe 17 Septemba 2001, mkono mmoja umeshika kitabu cha maabara na mwingine umeshika karatasi yenye bei yake. Mwenye duka, mama mwenye miwani ya kuning’inia shingoni, alimjibu kwamba kina elimu. Marehemu akakigeuzageuza, akakinusa, akakipima uzito kiganjani, akasema elimu haiwezi kuwa nzito namna ile, hiyo ni karatasi. Foleni yote ikacheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Alikuwa anauliza. Kisha akamwomba yule mama ampimie sura tatu tu, zile ambazo binti yake angezihitaji muhula ule, kama mtu anavyopimiwa mchele. Akaambiwa vitabu havipimwi. Akasema mbona yeye mtu akimletea kiatu kimoja anakishona hichohicho kimoja, hamlazimishi alete na cha pili.

Tumeanza na ugomvi huo kwa sababu kuanza habari za marehemu kwa upole kungekuwa kumsingizia. Sasa turudi nyuma, twende kwa taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa pili kati ya watoto sita. Baba alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na mama alishona magunia yaliyopasuka ya ghala hilohilo kwa sindano ndefu yenye ncha iliyopinda. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya ghala, na vumbi la mahindi halikuwahi kuisha kwenye mashuka. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kutembea kwa sababu alitaka kwanza kuichunguza miguu ilivyofungwa. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi aliifungua tochi ya baba ili aone mwanga unalala wapi, na baba akaenda kazini na tochi isiyowaka. Alichapwa. Baada ya kuchapwa aliuliza tena mwanga unalala wapi. Hapo ndipo wazazi walipojua wamepata mtoto wa namna gani.

Alianza shule Januari 1964. Miaka ile kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa meza, na meza moja ilizungukwa na watoto kila upande. Wakubwa na wenye viwiko vikali walikaa upande ambao maandishi yalisimama sawa. Marehemu alikuwa mdogo wa mwili, akasukumwa ng’ambo ya meza, maandishi yakamjia miguu juu. Wengine waliowekwa ng’ambo walichoka wakaanza kuchora mezani. Yeye akajifunza kusoma hivyohivyo. Alipofika darasa la tatu alikuja mkaguzi, akampa kitabu chake peke yake, cha kwanza kukishika maishani. Marehemu akakigeuza kichwa chini. Mkaguzi akadhani anafanyiwa mzaha, akamwinua kwa sikio. Ni mwalimu wa darasa aliyemwombea, akasema mwacheni asome, na mtoto akasoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, kitabu kikiwa miguu juu. Tangu siku hiyo akaitwa Kichwachini, na hata wengi wenu mliopo hapa hamkuwahi kumjua kwa jina jingine.

Alimaliza darasa la saba Novemba 1970. Hakuendelea. Ada ilikuwa ya kumsomesha mmoja tu, na kaka mkubwa alikuwa ameshatangulia. Lakini kule kusoma kichwa chini hakukupotea bure. Mtu yeyote akiandika upande wa pili wa meza, marehemu alikuwa ameshasoma kabla wino haujakauka. Kuna mwenye nyumba aliyemwambia kodi kwa mdomo huku anaandika nyingine kwenye karatasi. Alipoulizwa kwa upole kwa nini mdomo na kalamu havielewani, aliifuta haraka, na hakuwahi kujua amesomwa vipi.

Mwaka 1971 alikwenda kwa mjomba kujifunza ushonaji wa viatu. Mjomba alikuwa mkali, lakini alikuwa na mkono mzuri, na mshono alioujua marehemu kwa mama yake ulimsaidia kushika kazi mapema. Mwaka 1978 alifungua kibanda chake mwenyewe kwenye ukuta wa chuo, hatua chache kutoka langoni: bati moja, benchi, kopo la gundi, na ule mguu wa chuma wa kugongelea viatu alioachiwa na mjomba. Wanafunzi wakamletea viatu, kisha mikoba, kisha wakaanza kuleta vitabu. Vile vitabu vinene vya chuo vilikuwa vimepita mikono mingi mpaka vinamwaga kurasa, na fundi wa kuvishona hakuwepo. Marehemu alivishona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta, na akavizungumzia kama viatu. Kitabu kilichoachia jalada alisema kimeng’oka soli. Kilicholegea mgongo alisema kisigino kimechoka. Mwanafunzi akilalamika kwamba kitabu sasa hakifunguki vizuri, aliambiwa akitembeze kwanza, kitalainika.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na mkewe, aliyekuwa mfuaji katika hospitali ya wilaya na ambaye leo ndiye mjane wake. Baba mkwe alikuwa seremala. Zawadi yake ya harusi ilikuwa kitanda alichokichonga mwenyewe kwa mbao ngumu, kikubwa mpaka mlango ukabidi ung’olewe ili kiingie. Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu: binti aliyezaliwa 1981, na wavulana wawili waliomfuata. Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache, jambo zuri, kwani mwenzake alikuwa na maswali ya watu wawili. Wifi zake walipomuuliza anamvumiliaje mtu anayeuliza kwa nini sabuni inatoa povu wakati yeye amechoka kufua, alisema afadhali huyo anayeuliza habari za sabuni kuliko wale wanaouliza pesa za sabuni zimekwenda wapi.

Sasa ndipo tunafika kwenye kile kitabu.

Binti yake alipata nafasi chuoni mwaka 2001 kusomea kazi ya maabara. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kuvuka lango lile akiwa mwanafunzi. Waliomtangulia kulivuka walikuwa wanapeleka viatu. Wiki ya kwanza mwalimu wao akatangaza kwamba asiye na kitabu haingii kwenye mafunzo ya vitendo, na kitabu chenyewe kiwe toleo jipya, kwa sababu namba za mazoezi zimebadilika. Maktaba ilikuwa na nakala moja, inasomwa humohumo kwa zamu, na zamu yenyewe ilikuwa ya kugombania. Binti akaanza kusema kwamba labda aahirishe mwaka, atafute kazi kwanza. Marehemu aliyasikia maneno hayo, akanyamaza, na kunyamaza kwake kukatutisha sisi sote. Alijua, na kila mtu mtaani kwetu anajua, kwamba msichana anayeahirisha mwaka mmoja kwa ajili ya pesa harudi tena. Ndipo akaenda dukani akagomba kama mlivyosikia.

Alirudi nyumbani mikono mitupu, akamwambia mkewe kwamba kitabu ni bei ya kitanda. Alisema hivyo kama mfano tu. Lakini lilikuwa limeshatoka mdomoni, na wote wawili wakakigeukia kitanda. Mkewe akakataa. Alikuwa na haki ya kukataa, maana kilikuwa kazi ya mikono ya baba yake, na baba yake alikuwa ameshafariki. Siku mbili hawakusemeshana. Siku ya tatu mkewe ndiye aliyefungua chandarua, akakikunja, akasema, “Kichukue. Ila nakudai kitanda.” Mlango ukang’olewa mara ya pili.

Wiki hiyohiyo binti alirudi kutoka darasani akakuta kitabu kipya kimekatwa nyuzi, kimetandazwa sakafuni sura moja moja, na baba yake amepiga magoti katikati yake na kisu cha viatu mkononi.

“Baba, umekiua.”

“Nimekifungua,” akasema. “Nataka nione hiyo bei imejificha wapi.”

Alitafuta kweli. Bei ya karatasi aliijua. Uzi na gundi vilikuwa kazi yake, na kadibodi ya jalada alikuwa akiinunua mwenyewe. Alivijumlisha vyote, wino akaukadiria, na vyote kwa pamoja havikufikia bei ya mguu mmoja wa kitanda alichouza. Kilichobaki kilikwenda wapi? Swali hilo lilimkaa marehemu kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Alitembea nalo maisha yake yote yaliyobaki, na aliwauliza wote: mwenye duka, mhasibu wa chuo, dereva wa lori la vitabu. Dereva alimjibu kwamba yeye analipwa kwa safari, vitabu au vitunguu ni sawa.

Lakini kukifungua kitabu kulifungua na jambo jingine. Kila sura aliishona peke yake, akaivika jalada la mabaki ya ngozi, nyeusi, kahawia, nyingine nyekundu ya kiatu cha bibi harusi. Wasichana waliosoma na binti yetu ambao nao walikuwa wamebaki nje wakaja, wakachangia walichoweza, kila mmoja akachukua sura yake ya wiki, wakawa wanabadilishana. Siku ya mafunzo ya vitendo mwalimu alisimama mlangoni kukagua vitabu. Kila msichana akainua sura yake. Mwalimu akauliza hivi ni vitu gani. Binti yetu, ambaye ulimi ameurithi kwa shangazi zake, akamjibu kwamba ni kitabu, mwalimu, kimetangulia kwa mafungu. Yule mwalimu alizitazama zile ngozi, akashindwa kuona kanuni iliyovunjwa, akawapisha. Binti alimaliza masomo Julai 2004. Leo ni mkuu wa maabara, na wawili kati ya wale wenzake wamekuja kumzika fundi wao.

Kitanda kipya kilinunuliwa mwaka 2005, mkewe akasema deni limekwisha ingawa hiki kinalia kila mtu akijigeuza.

Kuanzia hapo kibanda kikawa cha viatu na sura. Wanafunzi waliomaliza walimuuzia vitabu vyao vilivyochoka, naye akavifungua, akavikodisha sura kwa sura. Kulikuwa na vituko. Mlinzi mpya wa chuo alimsikia akimfuata kijana mmoja kwa sauti, nirudishie sura yangu, akamshika mkono akamketisha, akamletea maji, akidhani mzee amerukwa na akili. Ilibidi binti aje amweleze mlinzi kwamba sura inayodaiwa ni ya kitabu, ya usoni bado ipo.

Asiyekuwa na pesa hakufukuzwa. Aliambiwa, “Basi nilipe maelezo.” Maana yake ni kwamba usome hiyo sura, urudi, ukae kwenye kreti, umweleze imesema nini wakati yeye anashona. Na haikuwa kazi rahisi. Ukianza kumwaga maneno makubwa ya darasani, sindano ilisimama. Alikuambia hiyo umeimeza, hujaitafuna, anza tena. Kuna waliosema kwamba mtihani wao wa kwanza ulikuwa kwenye lile kreti, na ule wa chuo ulikuwa marudio tu. Kwa njia hiyo marehemu alijua kwa nini chuma kinaota kutu, kwa nini daraja refu linaachiwa nafasi katikati, na kwa nini damu ya mtu mmoja inamkataa mwingine. Tusimpambe sana: alichanganya pia. Wiki moja mwanafunzi wa mifugo alimweleza habari za ng’ombe kuvimba tumbo na kutibiwa kwa kunyweshwa mafuta, na wa uchumi akamweleza mfumuko wa bei, naye akavishona pamoja. Kwa muda mrefu muuza nyama wetu alikuwa akipewa ushauri wa kuwanywesha ng’ombe mafuta ili bei ishuke.

Na kulikuwa na lile jambo la kugeuza. Kila kitabu alichokishona upya, sura moja ilikaa kichwa chini. Kila kimoja. Ukimwonyesha, alikitazama, akasema mbona kipo sawa. Nyumbani tulibishana miaka na miaka kama ni makosa ya yule mtoto wa ng’ambo ya meza au ni makusudi. Kaka mkubwa alisema ni makosa. Mkewe alisema mtu asiyekosea kiatu cha kushoto na cha kulia hawezi kukosea juu na chini. Yeye mwenyewe hakutuambia.

Mwaka 2006 alikuja mwanafunzi wa uchumi, mrefu mpaka akawa anaitwa Mnara, kijana mpole, soksi zimetoboka. Hakuwa na pesa. Akaomba sura moja katika kitabu kinene kuliko vyote kibandani, na sura yenyewe iliitwa Bei Hutokana na Nini. Marehemu alikuwa amekinunua kitabu kile kwa ajili ya sura hiyo, ila maneno yake yalikuwa magumu, akawa anamsubiri mtu wa kumfungulia. Alimpa Mnara sura kwa mikono miwili. Wakakubaliana kwamba Ijumaa ataleta maelezo.

Ijumaa Mnara hakuja. Iliyofuata hakuja. Ikasikika kwamba siku hizi anatumia lango la nyuma. Kisha akamaliza masomo, akaenda zake.

Marehemu alikasirika, na alikuwa akikasirika mara chache sana. Sura nyingi zilipotea mikononi mwa watu na hakuzifuata mbali. Hii aliifuata. Alisema kati ya sura zote kijana amekwenda kuondoka na ile iliyokuwa na jibu. Wanafunzi wengine wa uchumi walijitolea kumlipia mwenzao maelezo. Walimwambia bei hutokana na wingi wa wanunuzi na uchache wa bidhaa. Marehemu akawaonyesha dirisha la duka la ng’ambo: vitabu vimejaa mpaka vimepauka kwa jua, wanunuzi hakuna, na bei haijashuka tangu bintiye asome. Wakakuna vichwa. Kitabu kile kinene kikabaki na pengo, na hakukubali kukishona.

Mwaka 2021 kifua kilianza kumsumbua. Madaktari walisema ni mapafu, na kwamba ile gundi ya miaka mingi haikumsaidia. Aliambiwa aache kazi, akaacha gundi, akabaki na uzi. Hospitalini aliendelea kuwa yeye. Daktari alipomwandikia dawa, aliisoma kutoka ng’ambo ya meza, akauliza ya pili ni ya nini mbona hajatajiwa. Daktari alikuwa na haraka. Marehemu akamwambia dawa atakunywa, ila amlipe maelezo kwanza. Daktari yule alikaa akamchorea mapafu nyuma ya bahasha, na tangu siku hiyo, muuguzi anatuambia, huwachorea wagonjwa wote. Novemba 2023 alishindwa kutembea mpaka kibandani, akalazwa nyumbani, kwenye kile kitanda kinacholia.

Tarehe 20 Januari 2024, asubuhi, mtu alibisha hodi. Dada yake marehemu ndiye aliyefungua, akamwona mwanamume mwenye mvi kidogo, koti zuri, anainama ili kichwa kisigonge mlango. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

“Ijumaa yako imechelewa,” akamwambia.

“Najua, dada. Yuko?”

Yuko, akasema, ila pumzi ni chache, kwa hiyo hayo maelezo kama ni ya kuzunguka bora uyaache hapohapo nje. Akampitisha. Mnara alikaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia, magoti yake yakafika kifuani.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Umeleta sura yangu?”

Akaitoa kwenye mkoba. Ngozi yake nyeusi ilikuwa ileile. Marehemu akaipapasa mshono, kisha akauliza, “Na maelezo?”

Mnara akaanza na yale ya wanunuzi na bidhaa. Marehemu akainua kidole, na wote tuliokuwepo tukajua kinachofuata: hiyo umeimeza. Mnara alipoanza tena, sauti ilikuwa nyingine. Alisema ile Ijumaa hakuja kwa sababu hakuielewa sura, akaona aibu kukaa kwenye kreti bila kitu. Mtihani aliufaulu kwa kukariri. Akasoma zaidi, akawa yeye mwenyewe mwalimu wa chuo, mbali na hapa, na bado kila akifundisha sura hiyo alikuwa anakariri tu kwa sauti kubwa. Kisha mtu wa kampuni ya vitabu alipita ofisini kwake, akamwachia kitabu kipya cha bure, na kalenda, na kalamu. Kitabu kilikuwa kizuri. Akakiweka kwenye orodha ya lazima. Muhula uliopita akaja msichana mmoja, akauliza kama inawezekana kununua sura tatu tu.

Hapo mke wa marehemu, aliyekuwa amesimama na kikombe cha uji, alikaa chini.

“Nikamuuliza kwani ni bei gani,” Mnara akasema. “Nilikuwa nimefundishia kitabu kile miaka mitatu, Fundi, na sikuwahi kuijua bei. Akanitajia. Nikakukumbuka.”

“Endelea.”

“Kiatu, anayekichagua ndiye anayelipa. Bei ikimshinda anakwenda kibanda cha pili. Kitabu nachagua mimi, analipa yeye. Mimi bei siioni, na yeye kibanda cha pili hana. Anayeuza anajua hivyo. Kwa hiyo anapandisha mpaka pale mtoto anapolia, na mimi hakuna kinachonigusa.”

Marehemu aliinua macho kwenye dari, midomo ikicheza kama anapokadiria ngozi. Halafu akaanza kucheka, cheko likageuka kikohozi, akasaidiwa kuketi, akanywa maji.

“Kwa hiyo haikuwa kwenye gundi,” akasema.

“Haikuwa kwenye gundi, Fundi.”

“Ilikuwa kwako.”

“Ilikuwa kwangu.”

Akamuuliza yule binti yuko wapi. Mnara akasema amempa nakala yake mwenyewe. Na wenzake je? Akasema kile kitabu amekitoa kwenye orodha, wanasoma toleo la zamani lililopo maktaba, na namba za mazoezi zilizobadilika amezibandika ukutani mwenyewe. Ilimchukua nusu siku. Marehemu akarudia hayo maneno ya nusu siku polepole, akimtazama mkewe, na sote tulijua anafikiria kitanda. Kisha akasema, “Basi umelipa.”

Mchana ule akaagiza kitabu chenye pengo kiletwe kutoka kibandani. Mikono yake ilikuwa haikamati sindano, kwa hiyo alimwelekeza dada yake, ambaye alijifunza mshono kwenye magunia yaleyale ya mama na akaambiwa mara nyingi siku ile kwamba anashona kama anayefukuzwa. Alipoiweka ile sura mahali pake, marehemu akasema, “Igeuze.” Dada akauliza, kwa niaba ya ukoo mzima, kwani ni makosa au ni makusudi.

“Ya kwanza nilikosea,” akasema. “Halafu nikaona wanafunzi wawili wanasomea kitabu kimoja pale kwenye benchi, wamekaa uso kwa uso. Walipofika kwenye ile sura, aliyekuwa ng’ambo ndiye aliyesoma, mwenzake akasubiri. Nikaona ni sawa.”

Ikageuzwa.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Februari 2024, majira ya saa nne asubuhi, akiuguzwa na mkewe. Alikuwa ametoka kumuuliza kwa nini uji wa jana una ngozi juu, naye alikuwa amekwenda kuutazama ndipo amjibu.

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, dada mmoja, wakwe, wapwa, na watu wengi ambao bado wana sura zake majumbani. Familia inaomba mtu asiogope. Hakuna atakayewafuata. Ila mkikutana na kijana aliyekwama mahali mnapopajua, kaeni naye, na mtafune kwanza.

Kitabu kile kinene kipo juu ya meza pale mlangoni, kimefunguliwa kwenye sura ya bei. Mkisimama upande wa familia mtakiona kichwa chini. Vukeni mkasome kutoka ng’ambo, alikoanzia yeye.

Hadai mtu, wala hadaiwi. Alale kwa amani, na huko aliko aulize mpaka atosheke.